Kisanamu ni Chako, Chipu ni ya Nani?

Desemba 2014 mtu mmoja aliuza kisanamu cha plastiki kwenye mnada wa eBay kwa dola 2,500. Madukani Marekani kisanamu hicho kilikuwa kinauzwa dola 12.99. Kilichopandisha bei ni kosa la kiwandani: Samus, yule shujaa wa magemu ya Metroid, alitoka na mzinga kwenye mikono yote miwili badala ya mmoja. Siku hizo hizo alitokea na Peach asiye na miguu, na dau lake likapanda mpaka kupita dola 25,000. Dau si malipo, wadau, kwa hiyo hilo la Peach sitalichukulia kama bei. La Samus linatosha.

Sasa angalia. Ndani ya kitako cha Samus wa mizinga miwili kulikuwa na chipu ya aina ile ile waliyokuwa nayo akina Samus wengine wote. Ukimgusisha kwenye mashine ya gemu, mashine haioni mizinga, inasoma namba tu. Kwa mashine yule wa dola 2,500 na yule wa dola 12.99 ni mtu mmoja, na atakupa vitu vile vile.

Ndiyo maana kila nikisikia watu wakilalamika kwamba wanaonakili chipu "wanaua thamani" ya visanamu hivi, nashindwa kunyamaza. Thamani ipi hiyo? Ndani ya boksi moja tunauziwa vitu viwili. Kimoja ni sanamu, kina rangi, kina mkunjo wa nguo, kinakaa kabatini. Kingine ni ufunguo wa mlango ulioko ndani ya gemu. Bei za ajabu ziko kwenye cha kwanza, nguvu iko kwenye cha pili, na kila mwenye lake, kuanzia kampuni, mlanguzi mpaka mwenye kuuza feki, anakula kwa sababu sisi wanunuzi tunavichanganya.

Kwa wale ambao mambo haya yamewapita kushoto, nieleze kidogo. Oktoba 2011 kampuni ya Activision ilitoa Skylanders: unanunua gemu pamoja na kisahani kinachounganishwa na mashine, unaweka kidude chako juu yake, mhusika anatokea kwenye skrini. Watoto waliwehuka na wazazi wakafungua pochi. Kufikia 2014 Activision ilikuwa inatangaza mauzo yaliyovuka dola bilioni 2. Disney nao wakaingia Agosti 2013 na Disney Infinity, Nintendo wakafuata Novemba 2014 na amiibo, LEGO Dimensions ikaja Septemba 2015. Teknolojia yenyewe si ya kutisha. Ni jamaa wa karibu wa ile kadi ya N-Card unayogusisha pale kivukoni Kigamboni: chipu haina betri, inaamshwa na mawimbi ya kile kinachoisoma, inataja namba yake na kumbukumbu zake, kisha inalala.

Na kama ilivyo kwa kadi, swali la kwanza mjanja yeyote anajiuliza ni je, naweza kutengeneza nyingine?

Historia ya Skylanders hapa inanichekesha. Familia ya chipu waliyotumia ilikuwa MIFARE Classic, ile ile iliyokuwa kwenye kadi za Oyster za usafiri wa London. Mwaka 2008, yaani miaka mitatu kabla ya Skylanders kuingia sokoni, watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud pale Nijmegen, Uholanzi, walionyesha kuwa kufuli lake linavunjika. Mtengenezaji, NXP, akakimbilia mahakamani kuzuia matokeo yasichapishwe. Julai mwaka huo mahakama ikakataa. Kwa hiyo kufuli lilishajulikana kuwa bovu, na bado likawekwa kwenye midoli ya mamilioni. Sisemi walikosea. Kwa mdoli wa mtoto labda kufuli bovu linatosha. Ila usiniambie baadaye kwamba ulishtuka kuona mlango uko wazi.

Amiibo walikuwa makini zaidi. Chipu yao inaitwa NTAG215, ina baiti 540 tu, ndogo kuliko ujumbe mrefu wa mtu aliyeachwa na mchumba. Kila chipu inatoka kiwandani na namba yake ya kipekee isiyobadilika, na taarifa za mhusika zimefungwa kwa funguo za siri zinazochanganywa na namba hiyo. Maana yake ukichukua taarifa za Mario wako na kuzimwaga kama zilivyo kwenye chipu nyingine, mashine inakataa, kwa sababu namba hazilingani. Ujanja ulihitaji funguo zenyewe. Zikavuja. Tangu hapo programu inaweza kufungua taarifa, kuzifunga upya kwa namba ya chipu mpya, na mashine ikaamini.

Mwaka 2015 kampuni ya Datel ilikuwa tayari inauza Powersaves, kifaa cha kuhifadhi na kubadilisha taarifa za amiibo. Kikafuata kidude cha duara kilichoitwa Amiiqo, baadaye N2 Elite, ambacho peke yake kilibeba wahusika 200. Leo hata hicho cha nini? Stika tupu ya NTAG215 haifiki dola moja ukinunua kwa wingi, simu za Android zina programu za kuiandika, na iPhone nazo ziliruhusiwa kuandika chipu za namna hii tangu iOS 13 ya mwaka 2019. Dakika moja, umemaliza.

Basi tungetarajia bei ziporomoke, sivyo? Kama chipu ndiyo thamani, na chipu inatengenezeka kwa hela ya maandazi, visanamu adimu vingekuwa takataka. Havikuwa. Chukua Qbby, yule mdogo wa boksi aliyetolewa Japani pekee Februari 2017 akiwa amefungashwa pamoja na gemu la 3DS. Taarifa zake zimenakiliwa kama za wengine wote. Bado mwenye Qbby halisi aliye ndani ya boksi lake hauzi kwa bei ya stika, na anayemtafuta hamtafuti ili agusishe. Anamtaka Qbby, ile plastiki.

Kinachoshusha bei ni kingine kabisa, na wakusanyaji wa siku nyingi wanakijua vizuri hata kama hawapendi kukisema: kiwanda kikiamua kutoa tena. Mwishoni mwa 2014 Marth, Villager na Wii Fit Trainer walipotea madukani, ikasikika kwamba huenda wasirudi, wakusanyaji wakawabandika jina la Utatu na bei zikaruka. Kisha mzigo mpya ulipoingia, waliokuwa wamejaza makabati kwa ajili ya kulangua wakaanza kutafuta wa kumwachia. Hakuna mwenye simu na stika aliyefanya hivyo. Ni Nintendo wenyewe, kwa kutengeneza bidhaa na kuiuza, kazi ambayo kwa kawaida ndiyo tunaitegemea kampuni ifanye.

Mimi ukiniuliza, uhaba ule ndio baba wa uchakachuaji wote uliofuata. Kufikia mwisho wa Machi 2015 Nintendo walikuwa wameuza takriban amiibo milioni 10.5 duniani, lakini ukimtaka mhusika fulani hasa, ulikuwa unahangaika kama mtu anayetafuta tiketi ya Simba na Yanga saa moja kabla ya mechi. Marekani mzunguko wa tatu uligawanywa maduka kwa maduka: Rosalina kwa Target, Meta Knight kwa Best Buy, Lucario kwa Toys "R" Us, Shulk kwa GameStop. Aprili 2015 watu walipokimbilia kuagiza mzunguko uliofuata, mifumo ya GameStop ikaelemewa. Uingereza mwaka huo huo lori lililobeba vifurushi maalumu vya Splatoon pamoja na amiibo zake, mali ya wateja wa duka la GAME, liliibwa zima. Lori zima, jamani, la midoli! Mtoto aliyekuwa anamtaka ngisi wake akaambiwa agizo limefutwa.

Sasa mtu huyo akienda kwenye intaneti, akakuta kwamba kile kisanamu asichoweza kukipata kwa bei halali kinaweza kuandikwa kwenye stika, unategemea afanye nini? Amuombe mlanguzi radhi?

Upo upande wa pili, nami siukwepi. Mtu atasema gemu zuri lina gharama, kisanamu ni sehemu ya malipo, na anayenakili amekwepa kulipa. Hoja hiyo ina uzito wake panapohusu kisanamu kilichopo dukani, kwa bei ya boksi, leo. Mtu ana uwezo, bidhaa ipo, yeye anaandika stika kwa sababu tu anaweza: huyo amepata kitu bila kukilipia, tusipambe. Lakini hoja inaanza kuchechemea pale kampuni yenyewe inapoweka ndani ya chipu kitu ambacho kimsingi ni sehemu ya gemu ulilokwisha kulipia.

Mifano ipo. Metroid: Samus Returns ya Septemba 2017 iliufungia ugumu wa ngazi ya juu, ule unaoitwa Fusion, nyuma ya amiibo moja maalumu. Ugumu, yaani haki ya kuumizwa zaidi, inauzwa pembeni. Halafu ikaja Skyward Sword HD, Julai 2021. Katika gemu lile unapanda na kushuka kati ya mawingu na ardhi mpaka unachoka, na njia ya mkato, ya kurukia angani kutoka mahali popote ulipo, ilikuwa ndani ya kisanamu cha Zelda na ndege wake kilichouzwa dola 24.99. Watu walipiga kelele na walikuwa na haki. Hilo ni usumbufu uliokuwa umeachwa kwa makusudi na dawa yake ikawekwa kwenye rafu ya midoli, kisha rafu ikawa tupu. Mwenye gemu halali la bei kamili anabaki na kilema kwa sababu kiwanda hakikutengeneza plastiki ya kutosha.

Kwa sisi tuliopo huku, rafu imekuwa tupu tangu mwanzo. Sijawahi kuiona amiibo dukani Dar. Anayeitaka anamwagiza mtu anayetoka Dubai au Uingereza, anamlipa na nauli ya begi, na akifika anakuta mjomba ameleta Yoshi badala ya Wolf Link kwa sababu "yule wa kijani alikuwa mzuri zaidi". Simlaumu mjomba. Lakini msinihubirie kwamba kijana wa Sinza aliyeandika stika amemnyang'anya mauzo mwenye duka wa Osaka.

Hapo ndipo napotofautiana na wale wanaowaweka wote kapu moja. Kuandika stika yako ukaitumia kwenye gemu lako ni jambo moja. Kuiuza kama kitu halisi ni jambo jingine, na hapo nina maneno makali.

Kadi za Animal Crossing ndizo zilizoonyesha uchafu huu vizuri. Zilianza 2015, mfululizo wa kwanza ukiwa na kadi 100, na kufikia mfululizo wa nne zilikuwa 400. Unagusisha kadi, mnyama aliyechorwa pale anakuja kupiga kambi kisiwani kwako na unaweza kumshawishi ahamie. Machi 2020 New Horizons ikatoka, dunia nzima imejifungia ndani kwa sababu ya korona, na ghafla kila mtu anamtaka Marshal. Kadi za zamani zikawa dhahabu. Paka mmoja, Raymond, hakuwa na kadi kabisa wakati huo, kwa hiyo watu wakawa wanamuuza kwa pesa za kweli kutoka kisiwa hadi kisiwa. Kadi yake halali ilikuja Novemba 2021 na mfululizo wa tano. Machi 2021 Target walipoleta kadi za Sanrio, zile zenye wahusika wa Hello Kitty na wenzake, ziliyeyuka, na muda si mrefu zikaonekana eBay kwa bei za kuruka.

Katika pengo hilo ndipo wajanja wakaingia. Wapo waliouza kadi za kujitengenezea na kusema wazi kuwa ni za kujitengenezea, vikadi vidogo au sarafu za plastiki. Hao walikuwa wanauza michoro na wahusika wasio wao, na sheria ina jina la kitu hicho, lakini angalau mnunuzi alijua anachukua nini. Na wapo waliochapa kadi zikafanana na halisi, wakazipachika bei ya halisi na kukaa kimya.

Rafiki yangu mmoja anayesoma Uingereza aliingizwa mjini hivyo hivyo. Alimnunulia mdogo wake wa kike kadi kumi kutoka kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, zikiwa zimefungwa vizuri, kwa pesa ambayo mwanafunzi anaisikia mfukoni. Zilifanya kazi zote. Hilo ndilo lililomchanganya! Kwenye Switch kila mnyama alikuja. Ilikuwa ni mpaka dada mmoja wa darasani kwao, mkusanyaji wa siku nyingi, alipozishika mkononi ndipo akamwambia, "Kaka, hizi umeuziwa feki. Karatasi ni nyepesi na maandishi ya nyuma yamefifia." Muuzaji alipoulizwa alijibu kwamba kadi zinasomeka, kwa hiyo malalamiko ni ya nini.

Nimelifikiria sana jibu hilo, maana lina akili ya kishetani. Kama ulitaka ufunguo, umepata ufunguo. Ila hukulipia ufunguo. Ufunguo ungeuandika mwenyewe kwa stika. Ulilipia karatasi iliyotoka kwa mwenyewe, na hiyo ndiyo hukupewa. Tapeli alichukua uthibitisho wa kitu kimoja akautumia kufunika wizi wa kingine. Kwa hiyo ushauri unaosikika sana, kwamba "jaribu kwanza, ikisoma ni halisi", ni ushauri mbovu. Kusoma hakuthibitishi chochote siku hizi. Angalia uchapaji, linganisha na halisi unayoijua, na kama bei inakuvuta, uliza inatoka wapi.

Kuna thamani moja ambayo, nakiri kwa wanaonipinga, unakili umeiua kweli. Baadhi ya visanamu huandikwa juu yake kile ulichokifanya kwenye gemu. Kwenye Super Smash Bros. unamfundisha mpiganaji wako mpaka ngazi ya 50 na anabeba mafunzo yake kwenye chipu. Wolf Link, yule mbwa mwitu, akigusishwa kwenye Breath of the Wild ya 2017 bila kitu anakuja na mioyo mitatu, lakini kama mwenye naye alihangaika kwenye Twilight Princess HD ya mwaka uliotangulia, anakuja na mioyo mpaka 20. Watu waliuza jasho hilo: "Wolf Link, mioyo 20, tayari." Leo faili la mioyo 20 lipo kila mahali na jasho halina soko. Na kwenye mashindano ambako watu wanapambanisha wapiganaji waliowafundisha, mtu mwenye kifaa cha kubadilisha taarifa anaweza kuleta mpiganaji aliyepikwa badala ya aliyefundishwa. Huo ni wizi wa wazi dhidi ya wenzako waliokaa wiki nzima wakifundisha. Mwenye kufanya hivyo simtetei hata kidogo.

Lakini kisanamu kinachouzwa ghali zaidi duniani ni kile ambacho hakijaandikwa kitu, kwa sababu hakijawahi kutoka kwenye boksi. Na hapa ndipo mambo yanapokuwa ya ajabu. Boksi za amiibo za mfululizo wa Smash zina karatasi ya madini chini ya kitako, imewekwa ili mtu asigusishe simu au mashine dukani na kuondoka na zawadi bila kununua. Kwa hiyo anayenunua kisanamu kilichofungwa hawezi kukisoma bila kuharibu kile anacholipia. Ananunua chipu kwa imani.

Imani yenyewe ina tarehe. NXP, wanaotengeneza NTAG215, wanaandika kwenye maelezo ya kitaalamu kwamba kumbukumbu yake inatunzwa kwa miaka 10. Hiyo ni dhamana ya chini, haina maana kuwa siku ya kwanza ya mwaka wa 11 chipu inakata roho. Nyingi zitaendelea kusoma kwa muda mrefu. Lakini amiibo za kwanza zilitimiza miaka 10 Novemba 2024. Skylanders wa kwanza walishapita hapo zamani. Yule aliyemfungia Marth wake wa 2014 kabatini kama akiba ya uzeeni ana boksi, ana plastiki, na ana chipu ambayo mtengenezaji wake hadhamini tena kuwa inakumbuka chochote. Siku moja boksi litafunguliwa na mashine itakaa kimya. Je, bei itashuka? Nadhani hapana, na hiyo inaniambia kwamba kilichokuwa kinauzwa tangu mwanzo hakikuwa chipu.

Ambaye ataumia siku hiyo ni mchezaji, yule aliyetoa kisanamu chake kwenye boksi akakichezea mpaka rangi ikachubuka. Kwake chipu ikifa, mlango umefungwa, na hakuna duka la kununua nyingine. Disney walifunga Infinity Mei 2016 na kuandika hasara ya dola milioni 147. Visanamu vikahamia kwenye mapipa ya punguzo. LEGO Dimensions ikasimamishwa Oktoba 2017. Magemu yale bado yanawaka ukiwa na diski, kisahani na chipu zinazosoma. Kwa mtu huyo nakala iliyohifadhiwa kwenye faili ndiyo bima peke yake aliyo nayo, na mtu wa kumpa bima hiyo si kampuni, ni wale wale wanaoitwa waharibifu wa soko.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Anayehifadhi nakala ya kisanamu alichonunua, au anayeandika stika ya kitu ambacho hakiuzwi tena popote kwa bei ya dukani, mwacheni. Anayeuza nakala kwa jina la halisi, mtajeni, mrudishieni bidhaa yake, daini pesa zenu. Na kampuni ambayo inafunga sehemu ya gemu ndani ya mdoli, basi iuze na ufunguo huo peke yake, kwa dola moja au mbili, kwa yule asiyehitaji mdoli. Wakusanyaji wataendelea kununua plastiki. Hawajawahi kuhitaji kisingizio.

Wenye kununua vya mtumba, siku hizi mimi nikiulizwa na mtu nasema hivi: kwanza amua unataka kipi kati ya vile viwili. Kama ni cha kabatini, omba picha za kitako, za mishono ya plastiki na za maandishi ya boksi, na chipu isikusumbue. Kama ni cha kuchezea, nunua kilichofunguliwa, kilichochubuka, cha bei ya chini, muombe muuzaji akirekodi kikisomwa kwenye mashine, kisha siku kinapofika mkononi kihifadhi nakala kabla hujafanya kitu kingine.